Je, anayetoa taarifa za mzee kunyanyaswa analindwa na sheria?

Swali: Ndugu Wakili, mimi ni mwalimu katika kijiji kimoja wilayani Newala. Bibi jirani yangu anapigwa na mjukuu wake, na ameniambia kuwa fedha zake zote za korosho huchukuliwa na kijana huyo. Mtendaji wa kijiji ni ndugu yao. Nimeonywa kwamba nikiingilia mambo ya ukoo nitashtakiwa au nitahamishwa. Nina kinga gani?

Jibu: Ndugu Mwalimu, kinga unayo. Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 inamkinga anayetoa taarifa ya uhalifu kwa mamlaka husika, kwa nia njema na akiwa na sababu za msingi za kuamini kuwa anachokisema ni kweli, asishtakiwe wala kudaiwa fidia kwa ajili ya taarifa hiyo, na asiadhibiwe kazini kwa kulipiziwa kisasi. Kumpiga mzee ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, awe mpigaji ni mjukuu, mjomba au mtu baki. Tena kifungu cha 7 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamtaka kila anayejua kosa la namna hiyo alitolee taarifa, kwa hiyo wanaokuonya wanakuzuia kutimiza wajibu.

Angalia sana unamwambia nani. Ukilitangaza kwenye kundi la WhatsApp la kijiji umetoka nje ya kinga hiyo, na unaweza kudaiwa kashfa. Kwa mtendaji hulazimiki kuanzia. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Eleza uliyoyaona kuwa umeyaona, na uliyoambiwa na bibi kuwa umeambiwa, bila kuongeza neno, kwa maana kutoa taarifa unayoijua kuwa ya uongo ni kosa. Kuhusu fedha, usijaribu kupeleleza mwenyewe: malipo ya korosho yanayopitia benki huacha kumbukumbu, na kuzifuatilia ni kazi ya polisi.

Jina lako linaweza kufichwa wakati wa upelelezi, lakini ni haki yako kuambiwa mapema kwamba, ikiwa wewe ndiye uliyeshuhudia kipigo, huenda ukaitwa mahakamani. Hapo unakuwa shahidi, na sheria hiyohiyo ya 2015 inawahusu mashahidi pia.

Bibi akiwa na majeraha, asindikizwe leo hii polisi akapewe PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, na kupelekwa hospitali. Hali ikiwa mbaya, matibabu yatangulie.

Nawe andika tarehe uliyotoa taarifa na jina la afisa aliyeipokea. Barua ya uhamisho ikija ghafla baadaye, kumbukumbu hiyo ndiyo itakayokusaidia kuonyesha kuwa umelipiziwa kisasi. Na kama huna uwezo wa kumlipa wakili, omba msaada wa bure chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.