"Aishie" au "aishiye"? Na huyu ni nungunungu au kalunguyeye?

SWALI: Chini ya picha nimeandika: "Huyu ni mnyama kidogo aishie kisiwa cha Mindanao, anayehusiana na nungunungu, ila hana miiba." Mhariri amenirudishia bila maelezo. Nimekosea wapi? Na mnyama mwenyewe tumwiteje? Wengine humwita "panya-mwezi".

JIBU: Kosa kubwa ni nungunungu. Huyo ni mgugunaji, ndugu wa panya, mwenye miiba mirefu inayong'oka. Unayemkusudia ni kalunguyeye, yule mdogo wa miiba mifupi anayejikunja kama mpira. Mnyama wako wa Ufilipino, kwa jina la kisayansi Podogymnura truei, ni wa ukoo wa kalunguyeye: kichwa na kiwiliwili sentimita 13 hadi 15, mkia 4 hadi 7, manyoya marefu laini, chakula chake wadudu na minyoo. Kwa hiyo "panya-mwezi" pia haifai. Ni Kiingereza (moonrat) kilichovishwa kanzu, na mnyama si panya.

"Aishie" ni neno sahihi, ila si hapa. Linatokana na kuishia: "Mwambie aishie hapo." Kirejeshi cha mnyama mmoja ni -ye, basi andika aishiye au anayeishi, wakiwa wengi, waishio. Vivyo hivyo asiye na miiba, wasio na miiba, kamwe si "wasiyo".

Kisha mahali. Kuishi kunadai kionyeshi cha mahali: katika kisiwa cha Mindanao, au kisiwani Mindanao. Ukichanganya ukapata "katika kisiwani", umeweka viwili pasipohitaji zaidi ya kimoja.

"Mnyama kidogo" inasomeka kama kipande cha mnyama, sema mdogo. Usikimbilie "kinyama" kwa kutaka udogo, maana msomaji atafikiria mtu aliyepigwa kinyama. Na kuhusiana kunafaa zaidi mambo kuliko damu; viumbe wana undugu, au ni wa ukoo mmoja.

Wapo wanaoona ka- ya kalunguyeye wakadhani wingi wake ni "tulunguyeye". Hapana: kalunguyeye huyu, kalunguyeye hawa.

Kuhusu jina, ningefuata mfano wa punda milia: kalunguyeye manyoya. Sentensi yako basi iwe: "Huyu ni kalunguyeye manyoya, mnyama mdogo aishiye kisiwani Mindanao, ni wa ukoo mmoja na kalunguyeye, ila hana miiba."

Usiwapachike jina hilo tenreki, wanyama wadogo wa Madagaska. Baadhi yao wana miiba kama kalunguyeye, lakini undugu wao uko karibu zaidi na tembo. Na ukifika kisiwa jirani cha Dinagat, futa maneno "hana miiba" au yaeleze upya: Podogymnura aureospinula wa huko ana nywele ngumu zinazokaribia miiba, na jina lake la Kilatini lenyewe lina maana ya kijimwiba cha dhahabu.