Kama intaneti ilibuniwa istahimili bomu, mbona nyaya mbili za baharini zilituzima?

SWALI: Habari mkuu. Chuoni tulifundishwa kwamba intaneti ilianzishwa na jeshi la Marekani ili istahimili bomu la nyuklia, yaani paketi (kipande cha ujumbe) ikikuta njia imekufa inatafuta nyingine yenyewe. Sasa Mei 2024 zilikatika nyaya mbili tu baharini, huku Dar tukakaa siku nzima hata meseji haiendi. Hiyo habari ya paketi kutafuta njia ni kweli au ni stori za darasani?

JIBU: Njema ndugu yangu. Hiyo ya paketi kutafuta njia ni kweli kabisa, ila umefundishwa nusu tu, na ile nusu iliyoachwa ndo inayojibu swali lako.

Tuanze na bomu. Hiyo habari ni ya Paul Baran, injinia aliyekuwa RAND pale Santa Monica, California, taasisi iliyokuwa inalifanyia utafiti Jeshi la Anga la Marekani. Kuanzia 1960 hivi jamaa alikuwa anaumiza kichwa na kitu kimoja: simu za masafa marefu zilikuwa zinapitia swichi kubwa chache, Wasovieti wakizipiga hizo chache basi viongozi hawawezi tena kuongea na makamanda wao, na mtu mwenye makombora anayeogopa kukatiwa mawasiliano anaweza kushawishika kurusha mapema kabla hajapigwa. Kwa hiyo kwa Baran mtandao usiokufa ulikuwa kitu cha kuzuia vita isianze, na hilo mi naona linasahaulika sana watu wakisimulia hii habari.

Akachora mitandao ya aina tatu: ule ambao kila kitu kinapita katikati, ule wenye vituo vikubwa kadhaa, na ule uliosambaa kama wavu, kila kituo kimeungana na majirani zake na hakuna mkubwa. Afu akafanya kitu ambacho darasani wanakiruka, akauingiza kwenye kompyuta na kuanza kuua vituo kwa kubahatisha aone vilivyobaki vinaongea au haviongei. Akabadilisha kipimo kimoja tu, idadi ya laini ukigawa kwa idadi ya vituo. Kikiwa 1 mtandao unakatika vipande haraka sana. Kikifika 3 hivi unastahimili kipigo kizito mno, yaani vituo vilivyokufa vimekufa lakini vilivyobaki karibu vyote bado vinapatana. Shika hiyo namba 3, nitaizungumzia tena.

Na paketi zenyewe zinajuaje njia? Baran alikata ujumbe kuwa vipande vya biti 1024, kila kipande kina anwani ya kinakotoka, anwani ya kinakokwenda, na kihesabio kinachoongezeka kila kinapopita kituo. Sasa angalia utamu wake. Kituo kikipokea kipande kutoka Chicago kupitia laini ya kaskazini, na kihesabio kinasema 4, kituo kinajifunza palepale kwamba Chicago ipo umbali wa hatua 4 ukipita kaskazini. Hakuna aliyekiambia, kimesoma tu trafiki, yaani vipande vinavyopita. Kikiwa na kipande cha kwenda Chicago kinajaribu laini yenye namba ndogo, ikiwa imejaa au imekufa kinasukuma kwenye inayofuata bila kukikalia, ndo maana Baran aliita mbinu hiyo kiazi cha moto. Laini ikikatika namba zinajirekebisha zenyewe kadiri trafiki inavyozunguka. Yote hayo yako kwenye ripoti zake za 1964, mabuku 11, na AT&T waliokuwa wameshika simu za Marekani walimkatalia katakata. Mtandao wake haukujengwa.

Uingereza nako kulikuwa na Donald Davies, maabara ya taifa ya fizikia NPL pale Teddington, naye mwaka 1965 alifika palepale bila kumjua Baran na bila kuwaza vita hata kidogo. Yeye kilichomkera ni kwamba mtu aliyekaa kwenye tarakilishi ya mbali anachapa mstari mmoja, anafikiri, anachapa mwingine, na muda wote huo laini ya simu imeshikwa inalipiwa bila kazi. Neno paketi kwa maana tunayotumia leo ni lake. Machi 1966 alipotoa mhadhara, mtu wa wizara ya ulinzi ndo akamwambia kuna Mmarekani kaandika mambo kama yako.

ARPANET sasa, ambayo ndo babu wa intaneti, ilikuwa ya ARPA, wakala wa wizara ya ulinzi ni kweli, ila Bob Taylor aliyeianzisha alirudia miaka mingi kwamba lengo halikuwa bomu. Ofisini kwake Pentagon alikuwa na mashine tatu za kuchapia zilizounganishwa na kompyuta za mbali, moja ya Santa Monica, moja ya Berkeley, moja ya MIT, kila moja na utaratibu wake, akaona huu ni upuuzi, kwa nini isiwe moja inayofika kote. Kompyuta zilikuwa ghali na vyuo vilitakiwa kushirikiana, basi. Oktoba 1967 kwenye mkutano wa Gatlinburg, Tennessee, Larry Roberts wa ARPA akakutana na Roger Scantlebury wa NPL, na pale ndo kazi ya Davies na ya Baran zikaingia kwenye mpango wake. Laini alizokuwa anawazia za kilobiti 2.4 kwa sekunde zikawa za 50.

Sasa njoo kwenye ramani ya Desemba 1969. Vituo vinne: chuo cha UCLA, taasisi ya utafiti ya SRI, na vyuo vya Santa Barbara na Utah. Vitatu vya California vimeungana pembetatu, ukikata laini moja paketi inazungukia kwa wa tatu. Utah imeungana na SRI peke yake. Ikikatika hiyo Utah imezimika, uwe na paketi uwe na kiazi cha moto. Paketi inachagua kati ya njia zilizopo, haichongi barabara.

Na ndo kilichotupata sisi. Februari 2024 nyaya zilikatika Bahari ya Shamu, ikiwemo Seacom ya kwenda kaskazini. Tarehe 12 Mei zikakatika EASSy na Seacom upande wa Afrika Kusini. Kwenye karatasi kampuni ya intaneti ina mikongo miwili, yaani hizo nyaya za baharini, lakini yote inapita bahari ileile na yote inatua Mtunzini, Afrika Kusini. Hapo ile namba 3 ya Baran hatukuwa nayo. Kenya nao waliyumba ila walikuwa na TEAMS unaotoka Mombasa kwenda Fujairah.

Utauliza, mbona haikuzima kabisa, ilikuwa inaburuta? Kwa sababu njia ndogo zilizobaki zilibeba mzigo wa wote. Leonard Kleinrock aliandika tasnifu yake ya 1962 pale MIT juu ya foleni za namna hii, na kwa hesabu rahisi kabisa ya foleni, laini ikijaa 50% ucheleweshaji ni mara 2 ya laini tupu, ikijaa 90% ni mara 10, 95% ni mara 20, kwa hiyo ruta, vifaa vinavyoelekeza paketi, zilifanya kazi yake vizuri tu, paketi zikapata njia, zikakwama kwenye foleni mpaka programu ya simu ikachoka kusubiri na kukuambia hakuna mtandao.

Kama unanunua intaneti ya ofisi usimuulize mtoa huduma ana mikongo mingapi. Muulize kila mmoja unatua wapi, unapita bahari gani, na ule wa akiba una uwezo wa kubeba asilimia ngapi ya trafiki yake ya saa za kazi. Akishindwa kujibu la tatu, tafuta wa pili anayetumia njia tofauti na umuwekee ruta yake.