Jicho hupokea mwanga, halitoi
Je, tunaona kwa sababu jicho hutoa miali inayokwenda kukigusa kitu? Hapana, halitoi miali ya aina hiyo. Mwanga hutoka kwenye jua au taa, hukigonga kitu, kisha sehemu yake huakisiwa na kuingia jichoni kupitia mboni, ambako lenzi huukusanya juu ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaohisi mwanga. Mwanasayansi Mwarabu Ibn al-Haytham, aliyeishi kati ya mwaka 965 na 1040 hivi, aliitetea kauli hii kwa hoja ambayo hadi leo naiona nzuri mno: ukilikodolea jua macho, macho huuma, na hilo lisingetarajiwa kama jicho ndilo lingekuwa linatuma mwanga nje.

Wengi huchanganywa na kioo, wakadhani kwamba kitu kisichong'aa hakiakisi mwanga. Karatasi nyeupe huakisi mwanga mwingi sana, ila uso wake, ukiutazama kwa hadubini, umejaa nyuzi zilizolala ovyo, hivyo miali hutawanyika kila upande. Ndiyo maana watu walioizunguka meza wote huiona karatasi ileile, lakini hakuna anayeiona sura yake humo. Rangi nayo hutokana na mwanga uliobaki: jani hufyonza zaidi mwekundu na wa buluu, na wa kijani ndio unaoturudia.

Macho ya paka yanayowaka usiku hayapingi haya, kwa kuwa nyuma ya retina yake kuna tabaka linalorudisha mwanga wa taa uliyoishika, na kwenye giza totoro hayaonekani kabisa.