Wa Kitanda cha Chini

Mmeuliza wiki hii: ukipewa kamera na dakika kumi na tano, utatutisha kwa hadithi gani? Mimi ningerudi bwenini.

Nilisoma shule ya wasichana kandokando ya Ziwa Victoria, nje kidogo ya Mwanza. Usiku mmoja, tukiwa kidato cha pili, mwenzangu wa kitanda cha juu aliniamsha akauliza, "Yule aliyesimama mlangoni ni nani?" Nikatazama. Sikuona mtu. Lakini sikumjibu, naye akadhani nimemwona. Asubuhi, kwenye foleni ya uji, mtu yule alikuwa mwanamke mwenye nguo nyeupe. Wakati wa prepo nguo ikawa inachuruzika maji. Kufika Ijumaa alikuwa anatuita kwa majina, na wasichana wawili wameanguka wakipiga mayowe. Walimu waliwachapa wakidai wanasema uongo. Mpaka leo inaniuma, maana hawakusema uongo.

Filamu yangu ingekuwa ya kubuni, ila ipigwe kama makala: wasichana wameketi, wanasimulia. Mzimu asionekane hata mara moja. Wa kwanza aseme "nilidhani." Wa pili aseme "niliona." Wa tano arudie maneno ya wa pili neno kwa neno, huku akiapa kwamba hawajawahi kuongea. Muziki sitaki. Ziwa lenyewe linatosha. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku usio na mwezi, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka dagaa hawazifuati taa zao. Kwa hiyo usiku ule ule ambao ua wa shule ulikuwa giza tupu, madirishani kwetu kulikuwa na msururu wa taa zikielea majini. Ningeuacha msururu huo kwenye picha muda mrefu, pasipo neno, mpaka taa moja izimike.

Atakayesema mambo haya hayatokei, aulize ng'ambo ya ziwa, Kagera. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, wanafunzi watatu walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Kicheko na kilio vikawapata 95 kati ya 159, shule ikafungwa mwezi Machi, na wasichana waliporudi makwao vikaenda nao vijijini. Madaktari walipima, hawakukuta sumu wala vijidudu. Watu husimulia habari hiyo kama kichekesho. Mimi huniogofya kuliko jini lolote, kwa kuwa najua jinsi kitu kinavyotoka kitanda hiki kwenda kile.

Matroni wetu peke yake ndiye hakutukaripia. Alileta stuli, akakaa mlangoni na tochi yake. "Laleni wanangu, mlango ninao mimi." Tulilala.

Naye ningempa nafasi aongee. Ila wa mwisho kuketi mbele ya kamera awe msichana wa kitanda cha chini, aulizwe aliona nini usiku ule wa kwanza, na kwa nini alinyamaza.