Barua kwa binti yangu, kuhusu wafuasi elfu moja wa kununua

Tukuyu, Jumapili jioni

Mwanangu,

Marahaba. Huku hatujambo, ila mvua haitupi nafasi. Bibi yako anakusalimu, anasema ugonile.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema tangu Januari umeweka YouTube video 31 za kilimo cha parachichi, iliyotazamwa sana ina watu 212, na sasa kuna kijana hapo Mwanjelwa anakuuzia wafuasi 1,000 kwa shilingi 30,000. Unauliza: "Baba, nichukue, au kuna njia nyingine ya watu kuniona?"

Usichukue, mama. Mimi si mtu wa kompyuta, lakini niliwahi kuwa na kibanda cha video.

Wewe hukukikuta. Tanzania Bara ilipata kituo chake cha kwanza cha televisheni mwaka 1994, ila huku milimani tuliambulia chenga tupu, kwa hiyo deki moja, televisheni ya inchi 20 na mabenchi sita ndivyo vilivyolipa mahari ya mama yako. Pasaka moja nikatamani kibanda kionekane kimejaa, nikaingiza watoto bure. Kikajaa kweli, hadi dirishani. Wakubwa waliolipa wakakosa pa kukaa, na picha ilipofika katikati watoto wale wale wakachomoka kwenda kucheza mpira. Wapita njia wakaona watu wanatoka mbio, wakajua mle ndani hakuna kitu. Ilinichukua wiki tatu kuwarudisha wateja wangu.

Wafuasi wa kununua ndio watoto wale. Tangu mwaka 2012 YouTube haipimi video kwa kubofywa tu, inatazama mtu amekaa muda gani. Ikiwaonyesha watu video yako nao wakapita bila kuifungua, au wakaifungua na kuondoka, haioni sababu ya kuisogeza kwa wengine. Na kununua wafuasi kumekatazwa na masharti yao, pamoja na ule mchezo wa "nifuate nikufuate" wa kwenye magrupu. Huwafuta, na chaneli yenyewe inaweza kufungwa.

Najua kinachokuvuta. Wafuasi 1,000 ndio mlango wa malipo ya matangazo. Lakini soma na mstari wa pili: wanataka pia saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kila anayefungua akikaa dakika tatu, unahitaji kufunguliwa mara 80,000. Kwa hiyo 30,000 yako itakununulia majina tu, dakika bado utazitafuta mwenyewe.

Sasa ile skrinishoti ya takwimu uliyonitumia. Nimeitazama kuliko ulivyodhani. Mstari unaanza juu, na kufika sekunde ya 30 nusu ya watu wameshaondoka. Nikaifungua video nione unafanya nini kwenye sekunde hizo. Unasalimia. Unataja jina lako, unataja chaneli, unashukuru, unaomba wajiunge, unaweka muziki na Mlima Rungwe. Kisu chenyewe, cha kubebesha kitawi cha mti bora juu ya mche, kinaonekana dakika ya pili! Mkulima wa Njombe anayetazama kwa bando la shilingi 1,000 ameshahesabu hasara, ameshaondoka.

Anza na kisu. Shika mche uliokauka, useme, "Habari. Huu umekufa kwa sababu maji yaliingia kwenye kidonda. Tazama ninavyofunga plastiki." Najua kwa Mnyakyusa kuanza kazi bila salamu ndefu ni utovu wa adabu, ila hapo "habari" moja inatosha, nyingine utamalizia kwa bibi yako.

Halafu majina. Mlangoni nilikuwa na ubao wa chaki. Nikiandika jina la filamu la Kiingereza, watu wanapita. Nikiandika "Mmoja apambana na jeshi zima", wanaingia. Wewe umeandika "Parachichi sehemu ya 7". Nani anaamka asubuhi akitafuta sehemu ya 7? Mtu huiuliza simu kama anavyomuuliza bwana shamba: "Kwa nini miche ya parachichi aina ya Hass inakauka baada ya kubebesha?" Basi hilo ndilo jina la video. Na picha ya mbele umeweka tabasamu lako. Ni zuri, ni la mama yako, lakini weka mkono, kisu na kidonda cha mche, na maneno matatu makubwa yanayosomeka kwenye kioo kidogo. Usiogope kuona kati ya watu 100 walioonyeshwa wamefungua watatu tu. YouTube wenyewe wanasema nusu ya chaneli na video zote huangukia kati ya wawili na kumi.

Kuhusu sauti, upepo wa Uyole unakumeza. Ile 30,000 tafutia maiki ndogo ya kubana kwenye kola, hata ya waya.

Na hao 212 mbona umewaacha? Ile video inasema parachichi lililobebeshwa huanza kuzaa lini. Chini yake mmoja ameuliza nafasi kati ya mche na mche, mwingine anauliza atajuaje mche ni Hass kweli kabla ya kulipa, wa tatu anauliza habari za mbolea. Hujamjibu hata mmoja. Mimi mteja akinong'ona anataka kanda ya Kihindi, kufikia Jumamosi kanda iko kibandani. Wajibu, kisha kila swali lifanye video. Kwenye magrupu ya WhatsApp ya wakulima usitupe linki kavu. Mtu akiuliza, mjibu kwa maneno kwanza, video ifuate. Na ukarekodi kwenye kitalu cha mtu mwenye jina, maana wateja wake watakuja kumtazama yeye na watakukuta wewe.

Uliniuliza pia kama uongee Kinyakyusa. Baki na Kiswahili, wa Mufindi na wa Kilimanjaro nao wana mashamba. Ila bibi akieleza anavyojua tunda limekomaa, mwache aseme kwa lugha yake, uandike maneno ya Kiswahili chini.

Jambo la leseni za maudhui ya mtandaoni, usisikilize ya mtaani. Ofisi ya kanda ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, iko hapo hapo Mbeya, nenda kaulize kama aina ya video zako inahitaji.

Kisu ulichokisahau nimekifunga kwenye gazeti, nikakitia katikati ya mchele wa Kyela. Nimempa konda wa kosta ya kesho asubuhi. Mpigie kabla hajafika stendi, na ukifungua mfuko angalia vidole.

Baba yako