Taa ya "wati 1000" ya kuvulia dagaa: niamini akili mnemba?

SWALI: Nina mitumbwi miwili ya dagaa Igombe, Mwanza. Nimechoka na karabai, nataka taa za sola za mtandaoni. Mwanangu aliuliza akili mnemba, ikasema taa moja ya wati 1000 itawaka usiku kucha. Kesho yake tukauliza tena, ikasema itawaka kwa muda wa saa nne tu. Nishike lipi?

JIBU: Mama, usishike hata moja. Programu hiyo haijaiona taa yako. Inapanga maneno yanayoelekea kufuatana, tena kwa kubahatisha kidogo, ndiyo maana jibu la jana si la leo. Hiyo "wati 1000" huenda imeokotwa kwenye tangazo la muuzaji.

Itumie kwa kazi inayoiweza, yaani kusoma na kupiga hesabu. Mwanao anakili maelezo yote ya taa, anayabandika, kisha anaandika: "Tumia maelezo haya tu. Kisichotajwa, sema hakikutajwa. Betri ina volti ngapi na ampea-saa ngapi? Taa itawaka kwa muda wa saa ngapi?" Ampea-saa ni kipimo cha umeme unaohifadhiwa na betri, huandikwa Ah.

Hesabu yenyewe hata wewe unaiweza. Betri ya volti 12 na ampea-saa 20 ina wati-saa 240 (12 mara 20). Taa inayokula wati 30 itawaka kwa saa 8, kisha punguza kidogo kwa sababu betri haitoi yote. Ingekuwa wati 1000 za kweli, betri hiyo ingekwisha kwa dakika 14, hata nyavu hamjashusha! Kwa hiyo ama wati zimetiwa chumvi, ama betri ni kubwa kiasi cha kubebwa na watu wawili. Na kama tangazo limeficha ampea-saa, mimi nisingenunua.

Paneli nayo isisahaulike. Ya wati 50, ikipata saa tano za jua kali, inatoa kama wati-saa 250, na sehemu yake hupotea njiani. Kwa betri hiyo tafuta ya wati 80, maana mawingu ya masika mnayajua.

Tazama pia alama ya kuzuia maji. IP65 inavumilia maji ya kurushiwa. IP67 inavumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30. Kwenye mtumbwi chukua ya pili.

Maoni ya wateja yabandike vilevile, uombe malalamiko peke yake. Sifa hununuliwa, lakini watu watano wakisema chaja iliungua mwezi wa pili, hilo lina uzito. Bei usiiulize akili mnemba, huenda ikakupa ya mwaka juzi. Fungua ukurasa wa muuzaji mwenyewe. Namba ya siri ya simu usiiandike kwenye akili mnemba kabisa, na ukipata muuzaji anayekubali malipo mzigo ukifika, huyo ndiye.

Anza na taa moja, mtumbwi mmoja, giza moja zima, yaani siku zote zisizo na mbalamwezi. Mtumbwi wa pili uendelee na karabai kwanza.