Kona ya Fundi: Gitaa la babu limepakwa rangi ya geti

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi niko Tabora, Ng'ambo. Marehemu babu alikuwa anapiga gitaa la solo enzi zile Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz zinatamba hapa mjini, yeye hakuwa kwenye hizo bendi, alikuwa na kabendi kake ka kupiga kwenye maharusi. Ametuachia gitaa la umeme, nyuma kwenye bati la shingo limeandikwa Made in Japan, jina la kichwani lilishabanduka zamani. Tatizo ni rangi. Miaka ya 80 baba mdogo alilipaka rangi ya mafuta ya kijani, ileile iliyobaki kwenye geti, tena kwa brashi, na sasa inabanduka mabakabaka kama ugonjwa wa ngozi. Nimelipeleka gereji, fundi kasema anapiga 2K, ile rangi ya magari ya kuchanganya na hadena (dawa ya kukausha), kwa elfu 40, kesho yake nachukua. Seremala anasema alipitishe randa mpaka mbao nyeupe itoke, apake vanishi ling'ae kama kabati la mninga. Bibi anasema tusiliguse kabisa. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba mjukuu. Msikilize bibi, walau kwa hii wiki ya kwanza, afu ntakwambia lini umkaidi.

Kabla ya mtu yeyote kulishika hilo gitaa na msasa, lifungue. Legeza nyuzi zote kwanza, afu skrubu za lile bati la nyuma, shingo itatoka. Fungua na kile kibao cha plastiki cha mbele kilichobeba pikapu (zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi) na volyumu, na piga picha nyaya kwa simu kabla hujakata hata mmoja, piga nyingi, tena karibu, maana ukija kuunga baada ya mwezi hutakumbuka upi ulienda wapi. Kila kundi la skrubu kwenye kifuko chake na karatasi ya jina. Najua unaona nakuchelewesha lakini angalia sasa chini ya kile kibao. Mtu anayepaka gitaa kwa brashi ya geti hana muda wa kufungua kibao, amezungushia pembeni tu. Kwa hiyo hapo chini utaikuta rangi ya kwanza, ile ya kiwandani, iko vilevile. Inaweza kuwa nyekundu, inaweza kuwa ile ya kahawia inayokolea kuwa nyeusi kuelekea kingoni. Hiyo ndo unayoitafuta.

Chukua kijiti cha pamba cha masikioni, chovya kidogo kwenye thina ile kali ya NC (ya rangi za nitroselulosi), gusa hiyo rangi ya kwanza sehemu ambayo kibao kitaifunika baadaye, hesabu mpaka 20 afu futa. Ikibaki ngumu, haijanata wala haijatia pamba rangi, hiyo kuna uwezekano mkubwa ni poliesta, rangi ngumu ya kiwandani ambayo thina haiiwezi. Ikilainika na pamba ikatoka na rangi, hiyo ni laka ya zamani.

Kama ni poliesta, mjukuu wangu, una bahati. Thina italainisha rangi ya geti na ile ya chini itakaa kimya. Lowesha kitambaa, shika sehemu ndogo tu ya ukubwa wa kiganja, subiri rangi ianze kujikunja, afu isukume na kadi ya plastiki, kadi ya benki iliyoisha muda inatosha sana, sio kisu na sio bisibisi. Futa haraka, hamia sehemu nyingine. Usiiache thina imelala hapo eti ifanye kazi yenyewe, na plastiki zote ziwe mbali, thina inayeyusha plastiki utalia. Kama ni laka, thina usiitumie kabisa maana itaondoka na zote mbili. Hapo ni kadi na kucha na subira, na wala usikate tamaa, we mwenyewe umesema inabanduka mabakabaka. Baba mdogo hakupiga msasa kabla ya kupaka (Mungu ambariki kwa uvivu huo), rangi yake imekaa juu ya jasho na mafuta ya mikono ya babu, haikushika. Nimeshaona gitaa limemenywa hivyo kwa jioni tatu, chini likatoka na alama ya mkono wa mpigaji palepale alipokuwa anaegemeza. Alama hiyo hakuna gereji inayokupulizia.

Hapo pia ndo utamwelewa bibi. Magitaa ya Marekani ya miaka ya 50 na 60, mfano Fender, ukiondoa rangi ya kiwandani bei inaweza kuporomoka hata nusu, watu wananunua mpaka mikwaruzo. La kwenu la Kijapani halina bei hizo, na lilishapakwa tayari, kwa hiyo hatubishanii hela. Tunabishania babu.

Haya, tuseme umemenya na chini hakuna kitu, rangi ya kwanza imekwisha. Hapo sasa mkaidi bibi.

Seremala mwambie asante ila randa hapana. Unene wa bodi ndo unaopanga shingo ikae wapi na nyuzi ziwe juu kiasi gani, ukipunguza milimita mbili umeharibu hesabu yote. Alafu magitaa mengi ya Kijapani ya bei ya chini ya wakati huo bodi yake ni plaiwudi, ukimenya sana unatoboa tabaka la juu na hilo kabati la mninga analoliota halitokei ng'o. Angalia kwenye shimo la pikapu, ukiona mistari ya matabaka basi rangi ya kufunika ndo yako, vanishi sahau. Msasa wa mkono tu, anza 120 kama kuna mabonde, afu 220, malizia 320, kufuata mwelekeo wa mbao.

Fundi gereji yeye usimdharau. Hao Fender wenyewe walikuwa wanatumia rangi za magari za DuPont, ule wekundu wao wa Fiesta Red ulitoka kwenye Ford Thunderbird ya 1956 na bluu ya Lake Placid ilitoka kwenye Cadillac. Shida yangu ni hiyo "kesho yake nachukua". 2K ya hadena inakauka haraka kweli na ni ngumu, lakini mvuke wake ni sumu mbaya ya mapafu, isipulizwe nyumbani, na ikija kukwaruzika kuirekebisha ni kazi. Mimi ningechagua NC. Ikikwaruzika unapulizia kidogo juu, inayeyuka inaungana na ya chini, basi.

Na mwambie asiguse kile kidimbwi shingo inapokaa. Hili nalisema kwa uchungu, gitaa langu la kwanza nilipaka mpaka humo ndani kwa sababu nilitaka liwe zuri kila mahali, shingo ikagoma kuingia, nikakaza skrubu kwa nguvu za ujana, pah, rangi ikapasuka mistari kuanzia pale mpaka pembeni. Tafuta kipande cha ubao chembamba, kifunge humo kwa skrubu zilezile za shingo, kinaziba kidimbwi na kinakuwa mpini wa kulishikia wakati wa kupuliza na wa kulining'iniza. Dawa moja kwa matatizo mawili.

Sila kwanza (ile ya kuziba vinyweleo vya mbao), msasa mwepesi, rangi mara tatu nne nyembamba, kliya (ile ya juu isiyo na rangi) mara kadhaa nyembamba pia, kila moja ikauke kabla ya nyingine. Nene moja inatiririka, na NC nene inaendelea kusinyaa miezi. Mvua za kwenu zinaanza Novemba mpaka Aprili, miezi hiyo achana nayo. Kiangazi nacho kina vumbi, kwa hiyo piga asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, mwagia maji sakafu. Jiko la mkaa liwe mbali kabisa, mvuke wa thina unawaka. Barakoa za kitambaa hazizuii mvuke, tafuta ile yenye vichujio vya mkaa. Afu litundike kivulini wiki tatu, nne, bila kulishikashika, ukinusa bado linanuka thina bado halijawa. Ndo uingie msasa wa maji 1000, 1500, 2000 na kompaundi ya magari.

Kuna watakaokwambia rangi nene inaua sauti. Pikapu ni sumaku na koili, inasikiliza uzi wa chuma. Kwenye gitaa la umeme la plaiwudi usikose usingizi.

SWALI: Fundi habari za kazi. Niko Kigoma, Ujiji. Nimepuliza kliya ya NC kwenye besi yangu juzi mvua imetoka kukatika, kumekucha imekuwa na ukungu mweupe kama imepakwa maziwa. Nimenunua kliya feki?

JIBU: Salama ndugu yangu. Kliya haina kosa, ni unyevu. Thina inaporuka haraka inapoza uso wa rangi, maji ya hewani yanatua juu yake kama kwenye soda ya baridi na kunaswa humo ndani. Usipige msasa. Subiri siku kavu, saa za mchana, pulizia ukungu mwepesi sana wa thina inayokauka polepole, waulize wauza rangi za magari ritada, kliya italainika maji yatoke na weupe utapotea mbele ya macho yako. Ukipulizia nyingi itatiririka.

SWALI: Mzee shikamoo. Nimepaka gitaa langu mwenyewe, limetoka zuri, ila likiwa kwenye spika linaunguruma, nikishika plagi linanyamaza. Rangi ndo imefanya hivi?

JIBU: Marahaba. Kuna waya mmoja unatoka kwenye volyumu unapita kwenye katundu kadogo mpaka chini ya briji (kile chuma kinachoshika nyuzi kwenye bodi), hausolderiwi, unabanwa tu na chuma. Ama umeusahau ndani ama umeupaka rangi. Fungua briji, kwangua waya na chuma vigusane.